Guyo Spika Alipoimba kwa Sauti ya Chini

Kabla sijaugua nilikuwa mama wa kelele. Sisemi kwa kujisifu wala kwa kujuta, ndivyo nilivyokuwa. Kazi yangu ni maziwa ya ngamia. Kila asubuhi wafugaji wa upande wa Ngaremara wananiletea jerikeni zao hapa mjini Isiolo. Naonja, nanusa, nakataa, nagombana, nakubali, halafu mzigo unapakiwa kwenye basi la Nairobi kabla jua halijawa kali. Kazi hiyo huwezi kuifanya kwa kunong'ona. Dereva akitaka kuondoka kabla sijamaliza kupakia, nilikuwa namwita kutoka ng'ambo ya stendi na anasimama, apende asipende. Wenzangu walikuwa wakisema Mama Nasra hana haja ya simu, afungue tu mdomo na Nairobi watasikia.

Naandika haya kwa ajili yako wewe ambaye daktari amekugusa shingo halafu akanyamaza. Najua uko wapi sasa hivi. Uko kwenye benchi, umeshika karatasi, unasikiliza majina ya wengine yakiitwa. Mambo ya kitabibu waulize wenyewe madaktari. Mimi nitakwambia nilivyopita tu, na nitakwambia habari ya wimbo mmoja, maana bila ule wimbo sijui leo ningekuwa na akili gani.

Uvimbe aliuona Nasra, binti yangu, wakati wa kiangazi, tukijiandaa kwenda kumpa jirani pole. Alikuwa ananifunga mtandio, mkono ukasimama. "Mama, hii ni nini?" Nikamwambia ni mafuta, nimenenepa. Hakucheka. Jioni hiyo hiyo alimwambia baba yake, na mume wangu, ambaye analo lori la kubeba mifugo na huwa haachi safari kwa jambo lolote, aliacha safari. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Hospitalini wakanichoma sindano shingoni wakatoa maji kidogo, wakasema tungoje wiki mbili. Wiki mbili! Watu wa hospitali wanazitaja kama mtu anayetaja dakika mbili. Sikulala vizuri hata siku moja. Nilikuwa najishika shingo mpaka Baba Nasra akaniambia, "Utaumaliza huo uvimbe kwa vidole." Majibu yakaja, na daktari kijana, mpole sana, akaniambia ni kansa ya tezi ya shingoni, lakini nisivunjike moyo kwa sababu ni kansa nzuri. Kansa nzuri! Nilimuuliza kama anayo nyingine ya kuuza ambayo ni nzuri zaidi. Watu wote kwenye korido walinisikia. Nakumbuka hilo kwa sababu ilikuwa karibu mara ya mwisho watu wa korido nzima kunisikia.

Nilipasuliwa Nairobi, mvua ndefu zikiwa zimeanza. Nilipozinduka nilitaka kuuliza ni saa ngapi. Mdomo ulifunguka, ulimi ukafanya kazi yake, pumzi ikatoka, lakini sauti haikuwepo. Ilitoka hewa tu, kama gurudumu linapotolewa upepo. Nikajaribu tena. Sista mmoja akanishika mkono akasema, "Pole pole mama, usilazimishe." Nikaona macho yake, nikajua kuna jambo.

Daktari akaja akanieleza kwamba uvimbe ulikuwa umeukumbatia mshipa unaoamrisha sauti. Waliubandua kwa uangalifu, lakini mshipa wenyewe umechoka. "Unaweza kuamka," akasema. "Tutangoja miezi sita, pengine mwaka." Nikanong'ona: na usipoamka? Akanijibu vizuri, bila kuzungukazunguka, kwamba basi nitakuwa na sauti ndogo. Mwaka mzima sikuwa na swali lingine ila hilo. Kansa yenyewe ilikuwa inanitisha, ndiyo, lakini kifo nilikuwa nimemwachia Mungu. Sauti nilikuwa naidai kila siku.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Chechelesi, nikagundua kitu ambacho hakuna mtu aliyenionya. Ukinong'ona, watu nao wananong'ona. Jirani anakuja kuniona, namnong'oneza karibu, naye ananinong'oneza habari za mbuzi wake kana kwamba ni siri ya serikali. Wengine walikuwa wananipigia kelele, kana kwamba masikio ndiyo yamepasuliwa. Wafugaji wakawa shida kubwa zaidi. Nilipiga simu, wakasema huyu si Mama Nasra, huyu ni mwizi anatumia laini yake. Mzee mmoja ambaye nimechukua maziwa yake miaka kumi na moja alinikatia simu, nikakaa chini nikalia. Nasra akashika kazi. Anaijua, lakini yeye ni mpole, na stendi haina huruma na mtu mpole. Mara mbili basi lilimwacha na maziwa yake mkononi.

Kilichoniudhi kuliko vyote kilikuwa mume wangu kunijibia. Mtu anauliza, "Mama Nasra, unaendeleaje?" na kabla sijavuta pumzi, Baba Nasra ameshasema naendelea vizuri, alhamdulillah, nakula, nalala. Silali! Siku moja nilichukua mwiko nikapiga sufuria mpaka akanyamaza, mbele ya wageni. Nikaandika kwenye karatasi: MIMI NIKO HAPA. Hakuzungumza nami mpaka kesho yake. Nakuambia hili ili ujue, ugonjwa hauumizi shingo peke yake, na yule anayekuumiza mara nyingi anafikiri anakusaidia.

Ilipofika miezi ya upepo, ile ambayo vumbi la Isiolo linaingia mpaka kwenye chai, nikaanza kutayarishwa kwa matibabu ya pili. Ni kidonge chenye mionzi cha kutafuta mabaki ya kansa na kuyachoma. Lakini kabla ya kukimeza, lazima uache tembe za kila siku ambazo zinafanya kazi ya ile tezi iliyotolewa. Wee! Hakuna mtu aliyenieleza nikaelewa jinsi mwili unavyozimika. Uso ulinivimba, nywele zikabaki kwenye kitana, nikavaa sweta mbili saa sita mchana. Kutoka kitandani hadi chooni ilikuwa safari. Na kelele, hata za vijiko, zikawa zinanichoma. Mimi, mama wa kelele.

Sasa, arusi za mtaa wetu zina mtu mmoja anaitwa Guyo. Jina lake la mjini ni Guyo Spika, kwa sababu anazo spika sita kubwa kama makabati, na anaziwasha zote. Anapiga kinanda, anaimba, anawataja wageni majina, anapiga mbinja kwenye kipaza sauti. Alipiga kwenye arusi ya Nasra na kioo cha dirisha la jikoni kikapasuka. Nilikuwa nimemtukana mbele ya watu siku hiyo, na yeye akanijibu kwenye kipaza sauti, "Na salamu maalum kwa mama wa bibi arusi, mwenye sauti kunishinda!" Watu wakacheka sana. Kwa hiyo alasiri moja Nasra aliponiletea simu na spika ndogo za masikioni na kusema, "Mama, sikiliza huu wimbo wa Guyo Spika," nilimtazama tu.

"Sikiliza kwanza," akasema. "Huu si ule wa arusi. Ameimba peke yake, kando. Hata jina ametumia lingine, anajiita Mtoto wa Zizi."

Nikaweka masikioni kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa. Mwanzoni hakuna kitu. Unasikia mtu amekaa, kiti kinalia kidogo. Halafu mtu anaguna, chini kabisa, kifuani, noti moja inayopanda kidogo na kurudi. Niliinuka nikakaa. Mtu yeyote aliyekaa na ngamia anaijua sauti hiyo. Ndiyo ambayo mkamuaji anamfanyia ngamia jike anapokataa kuteremsha maziwa. Ngamia hana haraka na hatishwi. Ukimpigia kelele, anabana kila kitu na hupati hata tone. Ni lazima usimame kwa mguu mmoja, chombo juu ya goti, umgunie hivyo, na ungoje.

Guyo anaguna hivyo muda mrefu. Chini yake kuna gitaa moja, nyuzi mbili tu ndizo zinazoguswa, na kati ya mguso mmoja na mwingine anaacha nafasi hata unafikiri amesahau. Kisha anaimba kwa Kiborana, ambacho nimekisikia sokoni tangu utotoni. Anamwambia ngamia aliyefiwa na mtoto wake: teremsha, mama, teremsha, sitaki yote, nataka ya leo. Ni hayo tu. Yanarudi mara tatu. Kwenye nafasi ya nne, pale ambapo Guyo wa arusi angepandisha sauti na kuita akina mama wapige vigelegele, haimbi. Anaguna na kungoja. Na ukisikiliza vizuri, mwisho kabisa, unasikia maziwa yanaanza kuingia kwenye chombo.

Niliutoa nikauweka tena. Nasra akaniuliza kama nimeupenda, nikanong'ona kwamba hayo ni maziwa ya kweli, si maji. Akasema, "Mama, wimbo wote umesikia hilo tu?" Sikusikia hilo tu. Nilikuwa nimesikia mwanamume mwenye sauti ya kuvunja vioo akiimba kwa sauti isiyozidi yangu, na hakuna kitu kilichopungua. Lakini sikuwa na uwezo wa kusema maneno mengi hivyo, kwa hiyo nikasema maziwa.

Baba Nasra hakupenda. "Watu wanakuombea dua, wewe unasikiliza Guyo Spika?" Nikamwekea spika moja sikioni kabla hajakimbia. Alisikiliza akiwa amekunja uso, akairudisha, akasema, "Huyu amepoa, labda naye anaumwa." Tangu siku hiyo hakuniuliza tena.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na tafadhali usilirudie. Kabla ya kile kidonge unapewa orodha ya vyakula vya kuacha kwa wiki mbili: chumvi ya dukani, samaki, mayai, maziwa. Nasra aliibandika ukutani. Nilikula viazi na nyama isiyo na chumvi hadi ulimi ukasahau kazi yake. Chai ya rangi, wallahi, mimi! Lakini mama yangu mzazi, ambaye nyumba nzima tunamwita Ayeyo, yaani bibi, alikuwa anakuja kila alfajiri baada ya swala na glasi moja ya maziwa ya ngamia chini ya shuka lake. Nikainywa kila siku. Hatukuwa tunajificha, ila tu hatukusema. Kwetu sisi maziwa ya ngamia si chakula. Ni dawa. Anapewa mwenye sukari, anapewa mwenye kifua, anapewa mzazi. Ayeyo alisema, "Hao wa hospitali wameandika habari ya ng'ombe wao. Ngamia hawamjui." Nami, mwanamke niliyeuza maziwa hayo nusu ya maisha yangu kwa kusema yanatibu kila kitu, ningebishaje?

Tukaenda Nairobi. Sista akaniuliza nimekula nini wiki mbili hizo, Nasra akamtajia kwa fahari, kitu kwa kitu.

"Maziwa je?"

"Hata tone," akasema Nasra.

Sijui ni nini kilinisukuma. Nafikiri ni kiburi cha biashara. Nikanong'ona, sista akainama anisikie. "Ya ngamia tu," nikasema.

"Ya ngamia tu?"

"Glasi moja. Asubuhi."

Baba Nasra alifunika macho kwa mkono. Sista akatoka, akarudi na daktari, na daktari akasema kwa heshima zote kwamba leo haiwezekani. Mwili umeshiba iodini ya kwenye maziwa, kile kile kitu ambacho walitaka uwe na njaa nacho, kidonge kingepita bure. Nianze upya. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa baada ya wiki tatu, na tembe zangu bado nisizimeze. Wiki tatu nyingine za uso uliovimba na baridi, na kama kuna mbegu za kansa zimebaki, basi zimepewa likizo. Njia nzima ya kurudi sikumwangalia mtu. Nilihesabu madaraja.

Ayeyo alipoambiwa, aliketi mlangoni akavua viatu akavishika mkononi, kama mtu asiyejua anaingia au anatoka. "Nimekuua," akasema. "Nimekuua kwa mkono wangu." Nilitaka kumpigia kelele kwamba hapana, kosa ni langu, mimi ndiye niliyesomewa orodha. Kelele haikutoka. Ayeyo masikio yake si mazuri, hakuusikia mnong'ono wangu, akazidi kulia. Nikamwendea nikakaa naye sakafuni, nikaweka mdomo wangu kwenye sikio lake na kurudia mpaka alipotulia. Ilichukua muda mrefu. Kama ningekuwa na sauti yangu ya zamani, ningeyasema mara moja kutoka kitandani na angebaki pale mlangoni na viatu vyake.

Wiki tatu zikapita, siwezi kusema zilipitaje. Nikarudi, safari hii hata maji niliyaogopa. Sista aliyenipa kidonge alivaa glavu na kukitoa kwenye kopo zito la chuma, akaniambia nimeze, akatoka haraka. Jamani, mtu anakupa kitu umeze ambacho yeye mwenyewe hataki kukaa nacho chumba kimoja! Nikakimeza. Wakafunga mlango.

Nilikaa siku nne peke yangu. Usiogope sana, lakini ujiandae. Chakula kinaachwa mlangoni. Sista anaongea nawe akiwa nje, na mimi sikuweza kumjibu, nikawa nagonga meza: moja ndiyo, mbili hapana. Simu waliifunga kwenye mfuko wa plastiki ili isishike mionzi, na sauti ikawa inatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Kwenye plastiki hiyo nilisikiliza wimbo wa Guyo siku nne. Sijui mara ngapi. Nilianza kujua mahali anapovuta pumzi. Kuna mahali, baada ya mara ya pili, kidole kinakosea uzi kidogo na ameacha hivyo hivyo, hakurekebisha. Nilikuwa napangoja mahali hapo. Nilikuwa na hofu kubwa, nakwambia ukweli. Kila nikimeza mate naona kitu kimekwama. Nilifikiria wajukuu ambao Nasra bado hajawazaa, kwamba watanijua kwa picha. Hapo naurudisha wimbo mwanzo. Sitaki yote, nataka ya leo. Siku ya tatu nikajaribu kuguna naye. Ilitoka hewa, hewa, halafu kitu kidogo kama mlango mkavu. Nikanyamaza kwa woga, nikafikiri nimejiumiza. Nikajaribu tena.

Mvua fupi zilipokuja, picha zikaonyesha shingo safi. Tulisali, tukachinja mbuzi, Ayeyo akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mlangoni. Uso ulirudi mahali pake. Nywele zikarudi, nyembamba kidogo. Sauti haikurudi. Ilikuwa imepanda kutoka mnong'ono hadi mkwaruzo, na ikifika alasiri inakwisha.

Mwezi huo kulikuwa na arusi karibu na kwetu. Nilienda mapema, mchana, kabla watu hawajajaa, mtandio umefunika kovu. Guyo Spika alikuwa anaunganisha nyaya zake, jenereta inanguruma. Nikamwendea nikasema nililolisema. Hakusikia. Nikarudia. Akanitazama, akanikumbuka, na nikaona anajiandaa kutukanwa. Kisha akaona kovu, maana upepo ulikuwa umesogeza mtandio. Akaenda akaizima jenereta. Wenye arusi wakaanza kulalamika, akawainulia mkono wangoje.

"Sema, mama," akasema.

"Ule wimbo wa ngamia. Mwisho wake. Ni maziwa au ni maji?"

Alikaa juu ya spika yake. "Hakuna mtu amewahi kuniuliza," akasema. "Mama, huo wimbo hauna wasikilizaji. Wenzangu wa bendi walinicheka, wakasema nimeimba kama mgonjwa."

"Walisema kweli. Lakini ni maziwa au maji?"

"Maziwa." Akacheka, akaona haya kidogo. "Ila ni ya mbuzi. Ngamia nilimkosa siku hiyo."

Ya mbuzi! Miezi yote hiyo nimemwapia Nasra kwamba ni ya ngamia, mimi mwenye pua na ulimi wa maziwa. Nilicheka, na kicheko changu kilikuwa kibaya, kikavu, lakini kilikuwa kicheko. Guyo akaniambia ile sauti ni ya marehemu baba yake, ndivyo alivyokuwa anakamua, na kwamba hawezi kuipiga arusini kwa sababu hakuna arusi inayonyamaza. Nikamwambia alivyokaa nami siku nne kwenye plastiki. Nilimwambia kidogo kidogo, nikipumzika. Hakunimalizia sentensi hata moja. Nilimshukuru kwa wimbo na kwa hilo pia.

Mwaka ukatimia, mvua ndefu nyingine. Nikaitwa kwa kipimo cha mwisho cha sauti. Wanapitisha kamera nyembamba puani mpaka kooni. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimekwisha kujiambia kila kitu: imerudi, haijarudi, inakaribia. Baba Nasra alibaki Isiolo, lori lilikuwa na kazi, na mimi mwenyewe nilimwambia asije. Nilitaka nijijibie.

Daktari akasema, "Mama, sema iiii." Hofu tupu. Hata ule mkwaruzo haukuja. Akasema tungoje. Nikafumba macho, nikaguna, chini, kifuani, kama mkamuaji. Ikatoka. "Endelea," akasema, "endelea hivyo hivyo," na akaangalia kwenye kioo chake muda mrefu.

Akatoa kamera akaniambia. Uzi wa sauti wa kushoto haujaamka, na kwa kuwa mwaka umepita, hautaamka. Wa kulia umejifunza kuvuka kumfikia mwenzake. "Hii uliyo nayo ndiyo sauti yako sasa," akasema. "Haitapotea, lakini haitakua sana." Nikamuuliza stendi je, kuita basi. Akatikisa kichwa.

Nililia kwenye benchi hadi watu wakaniachia nafasi. Sitakudanganya kwamba nilikuwa nimejiandaa. Unaweza kupona na bado ukalilia kitu. Mtu akikuambia ushukuru tu uko hai, msamehe, lakini lia kwanza. Kila miezi sita bado narudi kupimwa shingo, na kila miezi sita siku tatu kabla sili vizuri. Kwenye maziwa, Nasra anaita mabasi, na mimi naonja na kukataa. Kukataa hakuhitaji sauti kubwa, nimegundua, uso unatosha.

Nilifika nyumbani kesho yake alasiri. Baba Nasra alikuwa sebuleni anatazama habari. Mimi nikapita moja kwa moja jikoni kuweka chai, na nikiwa huko nikaanza kumweleza, kama tulivyozoea tangu tuoane, mimi jikoni na yeye sebuleni, maneno yakipita ukutani. Nikasahau. Nilikuwa nimefika kwenye uzi wa kushoto ndipo nikakumbuka kwamba ukuta ule siuwezi tena, na nikanyamaza, nikaendelea kukoroga sukari.

Televisheni ikazimwa. Nikasikia kiti kinaburutwa. Akaingia nacho jikoni, mahali ambapo sikumbuki kumwona ameketi miaka ishirini na sita, akakiweka karibu na jiko mpaka goti lake likagusa langu.

"Anza tena," akasema. "Mwanzo kabisa."

Nikaanza. Nilichukua muda, nilipumzika mara mbili, na yeye hakutia neno. Nilipomaliza nikangoja aseme nishukuru Mungu. Akaziba uso kwa mikono yake miwili, halafu akasema, "Nimesikia."